Mguu wa Nne

Sauna ya fleti yangu, ghorofa ya tatu, mjini Oulu,
haijaona moto tangu Novemba.
Jiko lake la mawe nimemuuzia Veikko wa chini;
alilibeba kifuani kama mtoto mwenye homa,
hata hakuniaga.

Kaka yangu Urpo alinyamaza kwenye simu
nikadhani laini imekatika.
"Unaweka nini humo?"
"Studio."
"Mtu haondoi sauna, Aulikki. Mtu huondoa mume."
Mume nilikwisha kumwondoa.
Ilikuwa zamu ya sauna.

Ukuta hadi ukuta: mita moja, sentimita arobaini na tatu.
Kinanda, vibonyezo themanini na vinane:
mita moja, sentimita thelathini na saba.
Kinaingia. Tatu huku, tatu kule,
kiganja changu kinapita kikilala ubavu.
Iliyokataa ni stendi,
miguu imetanuka kama ya ndama aliyezaliwa jana.
Tena aliyeichora kiwandani hakuambiwa
kwamba sakafu ya sauna haikulala sawa,
yote inateremkia tundu la maji
ili jasho la watu lijue pa kwenda.

Nilibonyeza sauti moja, ya chini kabisa.
Stendi ikajibu kik, kik,
mguu wa nne uko hewani
kama wa mbwa anayetafuta nguzo.

Basi, msumeno.
Nilikatia mabomba kwenye roshani,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
chuma kinang'ang'ania glavu,
unga wake unadondokea theluji kama pilipili manga.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame;
niliinama siku tatu,
na cha mvunguni kilikuwa nati moja
iliyobingirika ikaingia tunduni.
Mguu wa kushoto niliukata mara mbili.
Mara ya kwanza kwa kipimo.
Mara ya pili kwa hasira,
na hasira ni hasara: sentimita nne.

Jumamosi Urpo akaja kutoka Kemi na mfuko wa plastiki.
Nilitegemea bia.
Akamwaga mezani visahani vyeusi vya mpira,
vile ambavyo watu wa huku hufukuzana navyo kwa magongo barafuni,
vitano, vya enzi zake za kulinda lango.
Kimoja kina alama ya jino. Hasemi la nani.
Akapiga magoti palepale alipozoea kukaa uchi,
akavichonga kwa kisu cha samaki:
kizima, nusu, chembamba kama biskuti,
na viwili vilivyopandana chini ya mguu niliouonea.
Nikaweka pima maji.
Povu likayumba, likafikiri,
likatulia katikati.

Zikabaki mbao za benchi, zimeegemea mlango zikisubiri jalala.
Urpo akapitisha kidole.
"Hizi mama alizikalia."
Hakusema zaidi, nami sikumuuliza zaidi.
Nikapima. Nikapima tena.
Tukazifanya dari ya stendi, ghorofa ya pili,
mahali pa kile kinanda kidogo na taa.
Drili ilipozama, unga ukatoka na pumzi yake ya zamani,
majani ya betula, sabuni ya lami,
Jumamosi nyingi sana kwa tundu nne tu.

Nikawasha. Spika zikavuma kidogo, kama mtu anayesafisha koo.
Nikabonyeza ileile ya chini kabisa,
nikaishikilia.
Hakuna kik.
Au ipo moja, mbali, ukutani kwa Veikko;
hiyo nimemwachia yeye.

Urpo alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa,
macho kayafumba.
Katikati ya sauti ile, kwa mazoea,
alivua shati.
Chumba kilikuwa na nyuzi kumi na tisa.
Sikumwambia kitu.